Injini ya Kubeba Ndizi: Petroli, Dizeli au Stima?

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta, nazo huanza kutumika usiku huo huo saa sita. Jijini, tangazo hilo linamhusu mwenye gari. Mahoo, wadi ya mashamba iliyopakana na mji wa Taveta chini ya Mlima Kilimanjaro, linamhusu kila mtu, hata yule ambaye hajawahi kushika usukani, kwa sababu mkungu wa ndizi hauna miguu. Mafuta yakipanda, mwenye lori huongeza kodi ya lori. Mchuuzi anayepeleka ndizi soko la Kongowea mjini Mombasa huilipa, kisha hurudi shambani na kuikata kwenye bei ya mkungu. Mkulima hana wa kumkata. Analipia mafuta ya gari ambalo si lake.

Ndiyo maana naona swali la gari gani linunuliwe, la petroli, la dizeli au la stima, limeachiwa watu wasiofaa kulijibu. Wanaolijibu kwa sauti kubwa ni wauzaji wa magari wa Mombasa na Nairobi, na vijana wa video za mitandaoni wanaosifu gari jipya kwenye barabara ya lami isiyo na shimo. Mtu wa Mahoo aliyepata mkopo wa chama cha akiba anarudi nyumbani na gari lililochaguliwa kwa maisha ya mtu mwingine. Baada ya miaka miwili limesimama chini ya mwembe, na mkopo bado unakatwa.

Tuanze na fedha. Julai 2023, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, VAT kwenye mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba, lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36 na dizeli 205.47, bei ambazo Kenya haikuwa imewahi kuziona. Baadaye zilishuka, lakini Julai 2024 ushuru wa kukarabati barabara nao ulitolewa shilingi 18 kwa lita ukawekwa 25. Kwa hiyo mtu akisema mafuta yamepungua, aulizwe yamepungua kutoka wapi.

Sasa tuchukue safari ambayo watu wa huku wanaijua vizuri, ya Mahoo hadi Voi kupitia Maktau, Bura na Mwatate. Ni takriban kilomita 115, zote za lami tangu barabara ya Mwatate na Taveta ilipojengwa upya. Nitatumia bei za kukadiria: petroli shilingi 180 kwa lita, dizeli 170, na yuniti ya stima ya nyumbani shilingi 30 pamoja na makato yake.

Toyota Probox ya petroli, injini ya sisi 1,500, ikiendeshwa kwa utulivu itatumia lita nane hivi. Hiyo ni shilingi 1,440. Pikapu ya dizeli, aina ya Hilux au D-Max, itatumia lita kumi na nusu, karibu shilingi 1,800. Gari dogo la stima, tuseme Nissan Leaf, litahitaji yuniti 20, na ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, 22. Hiyo ni shilingi 660.

Mtu akiishia hapo atakimbia kununua la stima na kuwaita wengine wajinga. Wauzaji pia huishia hapo. Lakini tuweke mzigo. Probox imetengenezwa kubeba kilo 400 kwa haki. Tunajua hubebeshwa zaidi, na tunajua pia springi zake huishia wapi. Kilo 400 kwa shilingi 1,440 ni shilingi 3.60 kwa kila kilo ya ndizi. Pikapu ikibeba tani moja kwa shilingi 1,800, kilo inasafiri kwa shilingi 1.80, nusu yake. Canter ya dizeli yenye tani tatu na nusu, inayokwenda kilomita sita kwa lita, itatumia kama shilingi 3,250, na kilo inafika Voi kwa chini ya shilingi moja. Leaf ina buti ya kuweka masanduku ya safari. Mikungu haiingii.

Hapo ndipo dizeli inapopata heshima yake, na inastahili. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia kumi. Injini yenyewe haina plagi za kuwasha moto. Hubana hewa mpaka ikapata joto la kuunguza mafuta yanaponyunyizwa na nozeli, na kubana huko ndiko kunakoifanya itoe kazi zaidi kwenye kila tone. Nguvu yake huja injini ikiwa bado inazunguka polepole. Dereva anayetoka shambani na mzigo, magurudumu yamezama kwenye udongo mweusi baada ya Mto Lumi kumwagika, hahitaji mbio. Anahitaji kile kisukumo cha chini kabisa, na hakuna gari la petroli la bei sawa litakalompa.

Hesabu hiyo lakini ina sharti moja. Lori lijae. Canter inayorudi Taveta tupu imeongeza gharama ya kila kilo iliyopeleka karibu maradufu. Wenye magari wanaofaulu katika biashara hii ni wale waliopata cha kurudi nacho kutoka Voi au Mombasa: saruji, mabati, mbolea, vinywaji. Wale wanaosubiri ndizi peke yake hulalamikia bei ya dizeli wakati tatizo lao ni nusu ya safari isiyolipwa.

Kuna jambo la pili kuhusu dizeli ambalo linaniudhi kwa dhati, kwa kuwa watu wanaumizwa nalo bila kuelezwa. Miaka hii magari madogo ya dizeli kutoka Japani yamependwa sana Kenya, na wengi wananunua kwa kusikia kwamba hayali mafuta. Ni kweli hayali. Lakini dizeli hizi za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yachomeke injini lazima ipate moto wa safari ndefu yenye mwendo wa kasi. Mwalimu anayetoka Mahoo kwenda mjini Taveta na kurudi, kilomita chache asubuhi na chache jioni, hawezi kuupata moto huo. Kichujio kinaziba, taa inawaka kwenye dashibodi, gari linapoteza nguvu. Fundi anamshauri akitoe kabisa. Akikitoa, gari linarudi kukimbia, na masizi yote yanakwenda kwa watoto wanaotembea kando ya barabara. Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kichujio hakikuwekwa pale kama pambo.

Mafuta yenyewe pia yana historia. Afrika Mashariki ilipunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na bila hatua hiyo injini za kisasa zisingeishi hapa. Lakini kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio na haya waliyachanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli jinsi dizeli inavyofanya, na nozeli za injini ya kisasa zina matundu membamba yasiyosamehe. Mwenye dizeli mpya anayenunua kwenye mtungi kando ya njia kwa kuwa bei imepungua shilingi kumi anajitafutia bili ya makumi ya maelfu.

Ushuru nao una mkono wake, na ni wachache wanaoutazama kabla ya kuagiza. Gari lisilozidi sisi 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20. Linalozidi, asilimia 25. Dizeli ikipita sisi 2,500 hupanda hadi asilimia 35, ilhali petroli hupewa nafasi hadi sisi 3,000 kabla ya kufika hapo. Ndiyo maana Prado ya dizeli ya 2.8 hutozwa asilimia 35 na ndugu yake wa petroli wa 2.7 asilimia 25. Gari la stima tupu, asilimia 10. Yote haya ni mbali na ushuru wa forodha, ambao Kenya iliupandisha hadi asilimia 35 mwaka 2023.

Kuhusu petroli sina mengi ya kusema, na huo ndio uzuri wake. Gari dogo la petroli ni rahisi kununua na rahisi kuuza. Fundi yeyote wa Taveta anaijua injini ya Probox kama shamba la babake. Plagi, mkanda na pampu zinapatikana dukani siku hiyo hiyo. Hata mafuta yakikuishia ndani kabisa ya vijiji, petroli ya chupa ya bodaboda itakufikisha kituoni. Mwenye safari fupi za kila siku, mzigo wa watu wanne na magunia mawili, na fedha chache, asisumbuliwe na mtu. Anunue hilo.

Sasa stima. Nimeona kuna makundi mawili, wanaoiabudu na wanaoicheka, na yote mawili hayajaitazama ramani ya Taita Taveta.

Kuna hoja moja ya msingi inayoipa Kenya haki ya kuzungumza habari hii kuliko nchi nyingi. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Mafuta yote ya gari huja kwa meli hadi Kipevu, bandarini Mombasa, kwa dola, na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilisimamisha kazi tangu 2013. Kila kilomita inayoendeshwa kwa stima ya Olkaria ni dola iliyobaki nyumbani. EPRA iliunga mkono jambo hilo mwaka 2023 kwa kuweka bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa yuniti mchana na shilingi 8 usiku mahitaji yanapopungua, kabla ya kodi na makato. Shilingi nane! Mtu wa Mahoo anayechaji usiku kwa bei hiyo angefika Voi kwa pesa zisizotosha lita tatu za petroli, hata baada ya makato. Lakini bei hiyo ni ya mteja aliyewekewa mita kwa ajili ya kuchaji. Mkulima anayenunua tokeni kwa simu, yuniti za taa na televisheni, haipati. Nafuu ipo kwenye karatasi na njia ya kuifikia iko mbali, na sijaona juhudi ya maana ya kuwaeleza watu wa kaunti kama yetu namna ya kuiomba.

Kisha kuna barabara. Kutoka Taveta hadi Maktau unapita katikati ya Tsavo Magharibi. Ni mbuga pande zote, na tembo huvuka wanapotaka. Hapo si mahali pa kuishiwa na chaji saa mbili usiku. Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya yuniti 24, zilizofuata 30, na kuanzia mwishoni mwa 2017, 40. Ile ya 40 ikiwa nzima itakwenda zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo itafika Voi na kubaki na akiba. Ile ya 24 iliyochoka itafika kwa maombi. Na huchoka. Betri za Leaf hizo hazina mfumo wa maji wa kuzipoza, na joto ndilo linaloila betri. Gari lililoegeshwa kutwa kwenye jua la Taveta linazeeka haraka kuliko lililokuwa kwenye baridi ya Hokkaido, Japani.

Hapa ndipo sheria yetu inapokosea. Kenya hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka minane kuingia. Kwa injini ya petroli huo ni mpaka wa busara, kwa sababu injini iliyotunzwa miaka minane bado ina maisha. Kwa betri, miaka haisemi kitu cha kutosha. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja likiwa na asilimia 90 ya uwezo wake na jingine asilimia 65, yanapita bandarini Mombasa kwa ushuru ule ule na huuzwa kwa bei zinazokaribiana. Anayebeba tofauti ni mnunuzi wa mwisho. Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha ungepima betri na kuandika uwezo wake kwenye cheti, jambo ambalo kompyuta ya gari inaweza kulisema kwa dakika chache. Lingewalinda watu kuliko hotuba zote za mazingira.

Ongeza plagi. Magari ya Japani huja na tundu la kuchaji kwa haraka la aina yake, ya China yana la kwao, ya Ulaya la kwao. Chaja ya haraka iliyowekwa hotelini inaweza isiingie kwenye gari lako. Ongeza fundi: betri ya gari la stima ina volti karibu 400, na mtu asiye na glavu na mafunzo yake hafai kuifungua. Ongeza kukatika kwa stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, na giza likarudi Desemba 10 mwaka huo huo. Mwenye tangi la mafuta hakuhisi lolote.

Kwa haya yote, je, stima haifai Mahoo? Inafaa sana, ila ianzie mahali pake, nami mahali pake napaona kwenye bodaboda na tuktuk.

Mwendesha boda wa Mahoo hafiki Voi. Anazunguka: shambani, sokoni, hospitalini, kituo cha mpaka cha Holili, kurudi. Kilomita mia kwa siku ni siku ngumu. Kwa petroli, kilomita hizo ni kama lita mbili na robo, shilingi 400. Pikipiki ya stima hutumia yuniti nne hivi, shilingi 120 hata kwa bei ya kawaida ya nyumbani. Tofauti ya shilingi 280 kwa siku ni karo ya mtoto. Betri yake inatolewa kwa mkono na kuwekwa nyingine iliyojaa, jinsi inavyofanyika tayari Nairobi na Mombasa, kwa hiyo dereva hasubiri. Na betri ndogo inaweza kuchajiwa na paneli za jua. Kama kuna kitu Taveta haijawahi kukosa ni jua. Stima ikipotea, kibanda cha kubadilishia betri chenye paneli kitaendelea kufanya kazi wakati pampu ya kituo cha mafuta isiyo na jenereta imenyamaza.

Mahali pa pili ni mbugani. Gari la watalii hutoka alfajiri, hutambaa, hurudi kambini adhuhuri, hulala kambini. Halihitaji kilomita 300. Kule Masai Mara kambi ya Emboo imekuwa ikitumia magari ya stima, na kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kubadilisha magari ya dizeli kuwa ya stima papa hapa Kenya. Kambi za Tsavo Magharibi zikifuata, chaja zitakuwa zimeingia kaunti hii kwa fedha za wenye uwezo, na mafundi wa kwanza wa volti kubwa watakuwa watoto wa Taveta na Voi.

Na milima ya Taita isisahauliwe. Gari la stima likipanda Wundanyi kutoka Mwatate hula chaji kwa pupa, lakini likishuka kona zile mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya kilichotumika. Breki hazichemki. Dizeli na petroli hushuka mlima ule zikichoma breki na kupoteza kila kitu zilichopandia.

Majirani zetu wametupa mfano mmoja mkubwa. Treni inayopita Voi tangu 2017 inavutwa na vichwa vya dizeli. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilianza mwaka 2024 kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa treni ya stima. Magari ya Dar es Salaam pia yana gesi asilia ya nchi yao, njia ya nne ambayo kwetu haipo. Watanzania hawakusubiri kila kijiji kiwe na umeme usiokatika. Walichagua safari moja inayojulikana, yenye mzigo unaojulikana, wakaitia stima.

Kwa Taita Taveta safari hiyo ni Voi hadi Taveta. Chaja ya haraka Voi, nyingine Mwatate, nyingine Taveta mjini, zenye nyaya za aina zote zinazoingia nchini: vituo vitatu tu vingefanya gari la stima la yuniti 40 liwe la kuaminika kwenye kaunti nzima, Wundanyi ikiwemo. Serikali ya kaunti ina viwanja katika miji yote mitatu. Inatoza ada za maegesho katika miji hiyo. Wagombea wa viti vya wadi waulizwe jambo hili kwa jina kabla ya kuombwa taa za barabarani.

Mpaka hapo patakapofika, mtu wa Mahoo aliye na fedha mkononi wiki hii na macho yake yako kwenye Leaf iliyotangazwa Mombasa afanye hivi. Aende mchana wa jua, aombe gari liwashwe, atazame upande wa kulia wa kipimo cha chaji. Kuna vijimstari kumi na viwili vya kuonyesha uzima wa betri. Vikiwa vyote kumi na viwili, azungumze bei. Kikikosekana kimoja, betri imeshapoteza kama asilimia 15, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Vikikosekana vitatu au zaidi, gari hilo litamfaa mtu wa Nyali anayekwenda ofisini na kurudi. Yeye apande matatu arudi nyumbani na pesa zake.